Kama Kwilti Haikupi Raha, Shika Shati la Mtumba

Napenda kushona, ila kwilti siipendi. Nalisema mapema kwa sababu najua wako wengi waliojiunga na kikundi cha akina mama, wakapewa rula na vipande vya vitambaa, na leo cherehani imefunikwa pembeni ya chumba. Wanadhani kushona kumewashinda. Hakujawashinda. Walipewa kazi ya aina moja tu, na aina hiyo haikuwa yao.

Kwa asiyeijua, kwilti ni blanketi la tabaka tatu: juu vipande vya vitambaa vilivyounganishwa kwa mpango, katikati pamba, chini kitambaa kizima, kisha zote zinashonwa pamoja zishikamane. Sehemu kubwa ya kazi ni kupima na kukata. Safu ya vipande 20, kila kipande kikizidi milimita 2 tu, inaishia ikiwa imetokeza nje kwa sentimita 4. Wako wanaoburudishwa na umakini wa namna hiyo na ninawaheshimu sana. Mimi ukinipa rula jioni baada ya kazi, nasikia kama bado niko kazini.

Halafu kuna suala la nafasi. Nyumba zetu za Kaloleni, hapa Nairobi, zilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika wenye familia, chini chini, zenye uwanja na miti katikati yake. Vyumba ni vidogo. Kwilti ya kitanda inataka sakafu tupu uitandaze yote, uipige pini, uzunguke pande zote. Sebule ya Ololo, kama tunavyouita mtaa wetu, ikishaingia viti, meza na kabati la vyombo, sakafu imekwisha. Tulichojaliwa ni nje: kivuli, upepo, na mwanga mzuri wa asubuhi. Kwetu inafaa kazi inayotoshea mapajani.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza ushone nini. Jiulize ni wapi kwenye kushona moyo wako unatulia. Je, ni kukata? Ni kuzungusha sindano ileile bila kufikiri? Ni kuona nguo imemkaa mtu vizuri mwilini? Ni kumaliza kitu leo leo? Mimi nilipojiuliza hivyo, nikagundua kwamba kinachonifurahisha kuliko vyote ni kufumua. Napenda kuifungua nguo nione fundi wa mbali aliificha wapi mishono yake, kisha niirudishe ikiwa imebadilika. Mtu wa namna hiyo mahali pake ni Gikomba, kwenye soko la mitumba.

Kutoka Kaloleni unavuka Jogoo Road, unapita Burma, na miguu inakufikisha. Usinunue kamera, zile nguo bora zinazochaguliwa mwanzo mtumba ukifunguliwa, maana bei yake itakufanya uogope kutia mkasi. Usinunue fagia pia, kitambaa chake kimeshachoka. Tafuta shati la kiume la pamba lililo kati ya hizo mbili. Liinue juu kwenye mwanga utazame makwapa na kiwiko. Kitambaa kikionekana chembamba kama wavu, lirudishe. Kasoro nyingine zote zina dawa.

Muuzaji mmoja aliniambia, “Sista, angalia mabega kwanza. Tumbo utapunguza, bega utalia nalo.” Kwenye mabega hukutana mkono, kola na mgongo, na ukitaka kuyapunguza lazima uung’oe mkono mzima na kuushona upya. Ubavu ni mshono mmoja tu, unaoanzia mwisho wa mkono, unapita kwapani, unashuka hadi kwenye pindo. Nunua linalokutosha mabegani na mengine yote yatarekebishika.

Ukifika nyumbani lifue, lipige pasi, ligeuze ndani nje, ulilaze kitandani. Juu yake laza blauzi yako inayokukaa vizuri, mabega yakilingana na mabega. Chora ukingo wake kwa kipande cha sabuni kavu, kama wafanyavyo mafundi, ukiacha nafasi ya vidole viwili kila upande ili upumue. Piga bandi kwa mkono kufuata mchoro, kisha livae ukae, uinue mikono, uiname. Likikubana kwapani, legeza hapo tu. Likikubali, pitisha cherehani, halafu ndipo ukate kitambaa kilichozidi ukibakiza sentimita moja na nusu. Pale kwapani mshono unapopinda, katakata kidogo kidogo kwa ncha ya mkasi bila kuugusa uzi, la sivyo nguo itavutana. Sindano namba 14 inatosha pamba ya kawaida. Pamba nyepesi sana inataka 11, na jinzi 16. Kama huna cherehani, shona kwa mkono, kila hatua ukirudisha sindano nyuma kidogo, na mshono huo hautafumuka.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kugeuza kola. Shati zuri huzeeka shingoni kwanza: pale kola inapojikunja nyuzi hulika na shati hutupwa likiwa bado zima. Kola ina sehemu mbili, kola yenyewe na ukanda unaosimama shingoni. Tazama kwanza upande wa chini wa kola, kwa maana mashati mengine yana vitundu vya kutilia vijiti vya plastiki na ukigeuza vitatokea juu. Kama hakuna, weka alama katikati ya kola na katikati ya ukanda. Chukua wembe, kata uzi mmoja mmoja pale vinapokutana, taratibu, mpaka kola itoke. Futa vipande vya uzi. Igeuze, upande ulioliwa utazame chini, irudishe katikati ya ukanda alama zikutane, piga bandi, kisha pitisha cherehani juu ya matundu yaleyale ya zamani. Ukimaliza, shati lina shingo mpya. Hakuna rula iliyotumika, na hakuna kitambaa kilichonunuliwa.

Kama raha yako ni sindano inayokwenda yenyewe huku mnazungumza, basi darizi au fuma. Vitambaa vya viti havijaisha Eastlands, na mfumaji mzuri hakosi wa kumuagiza. Pwani, Lamu na Zanzibar, wako wanaoshona kofia za viua, wakizungushia uzi vitundu vidogo mpaka kofia nzima ijae. Kazi hiyo inakwenda nawe hata kwenye matatu. Ukitaka kumaliza leo leo, nunua doti ya leso, itenganishe, uikunje pindo. Na ukipenda kuona nguo imemkaa mtu, shona sare za watoto wa majirani. Vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, shirika lililoanzishwa 1952, vilifundisha kushona kwa ajili ya watoto na nyumba, na akina mama wengi wa mitaa hii hawakuhitaji sababu nyingine ya kukaa kwenye cherehani.

Na kama vipande vinakuvutia ila vipimo ndivyo vinavyokuchosha, usikate tamaa na mablanketi kabla hujasikia habari za Wasidi wa Karnataka, India. Mababu zao walitoka upande wetu huu wa Afrika, wengine wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona kwa mkono mablanketi yaitwayo kawandi, kwa nguo zilizochakaa. Wanaanzia ukingoni, wanaongeza kipande baada ya kipande wakizunguka kuelekea katikati, na mishono inafuata njia hiyo hiyo. Hakuna miraba ya kulinganisha. Kipande kikiwa kirefu kinakunjwa, kikiwa kifupi kinaongezewa jirani. Mabaki yangu ya mashati huishia hivyo, na kazi yenyewe hulala mapajani nikiwa nimeketi barazani.

Usikubali mtu akuambie kwamba mshonaji wa kweli lazima apitie kwilti, au kwamba kurekebisha mitumba ni kazi ya mtu asiye na pesa ya nguo mpya. Anayejua kufumua na kurudisha anajua jinsi nguo inavyojengwa, na ujuzi huo utamfaa hata siku atakapokata kitambaa kipya.

Jumamosi hii nenda Gikomba ukanunue shati moja la pamba linalokutosha mabegani, wembe, uzi wa rangi yake na sindano ya mkono. Kama kola imelika, anza na hiyo. Kama ni nzima, anza na ubavu. Kisha niandikie uniambie ni hatua gani iliyokufanya usahau saa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yako.