Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa

Tazameni ramani ya Kongo, watoto. Tafuteni Lubumbashi, kusini-mashariki, katika nchi ya shaba. Tafuteni na Kinshasa, upande wa magharibi, kando ya mto Kongo. Wekeni rula kutoka mji huu mpaka ule. Kama santimeta 1 ya ramani yenu ni kilometa 100 za nchi, mtapata karibu santimeta 16. Basi, kwa mstari ulionyoka, ni kilometa 1.570 hivi.

Lakini msafiri wa chini hafuati rula. Reli ya Katanga ilifika Ilebo, kando ya mto Kasai, mwaka 1928. Tangu hapo watu walipanda gari la moshi mpaka Ilebo, kisha mashua. Wakashuka na maji ya Kasai, wakaingia mto Kongo, mpaka Kinshasa, mji ulioitwa Léopoldville hadi mwaka 1966. Ilikuwa safari ya siku nyingi, na kapu la chakula lilikuwa zito.

Ndege haiogopi mto wala msitu. Ndege kubwa ya jeti hukimbia kilometa 800 hivi kwa saa. Gawanyeni 1.570 kwa 800: hazipati saa mbili kamili. Lakini ndege haianzi na mbio zote. Hupanda kwanza, na mbele ya kutua hupunguza mwendo. Hesabuni saa mbili na robo.

Mama mmoja mzee wa Lubumbashi alikwenda kumwona mtoto wake Kinshasa. Ndege iliondoka saa tatu ya asubuhi. Mtoto alihesabu: tatu, ongeza mbili na robo, ni saa tano na robo. Akafika uwanja wa N'djili saa tano kamili, akafurahi kwamba amewahi. Kumbe mama yake ameketi juu ya mzigo wake, peke yake, analia. Amengoja zaidi ya nusu saa, na watu wote wanaopita wanasema Lingala, lugha asiyoijua.

Kosa lilikuwa wapi? Ndege haikuzidisha mbio. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, ndiyo digrii 15 kila saa. Lubumbashi ni mashariki ya Kinshasa kwa digrii 12, na jua huitokea kwanza. Kwa hiyo Kongo ina saa za namna mbili. Lubumbashi, Bukavu na Kisangani hufuata saa ya mashariki. Kinshasa na Mbandaka hufuata ya magharibi, iliyo nyuma kwa saa moja. Mama alipotua, saa ya mkononi mwake ilionyesha tano na robo; ile ya Kinshasa, nne na robo tu.

Maulizo

1. Mama alirudi kwa ndege iliyoondoka Kinshasa saa saba ya mchana. Alipotua Lubumbashi, saa ya huko ilionyesha nini?

2. Mtu wa Mbandaka anapiga simu saa mbili ya usiku. Ndugu yake wa Bukavu anaipokea saa ngapi?

3. Mtoto yule angalifika N'djili saa ngapi, ili mama asingoje?