Kiti cha Mtemi na Kiti cha Bwana Shauri

Ni kweli makabila ya Tanganyika yalitungwa na Waingereza?

La. Lugha, mila na watemi walikuwepo. Isike wa Unyanyembe na Mkwawa wa Uhehe walipigana na Wajerumani kabla ya utawala wa Mwingereza. Kilichotungwa ni mipaka. Gavana Donald Cameron, aliyetokea Nigeria, alipitisha mwaka 1926 sheria ya mamlaka za wenyeji: kila kabila liwe na eneo lake, baraza lake na hazina yake. Waangalie Wasukuma. Kwa Kinyamwezi, sukuma ni kaskazini, upande tu wa dunia. Mtu wa Nera, mojawapo ya tawala za Usukuma, alimjua mtemi wa Nera. Mwaka 1946 watemi wa Usukuma wakaunganishwa kuwa shirikisho moja, makao yake Malya, na jina la upande likawa jina la utawala.

Na wasiokuwa na mtemi mkuu, kama Wamakonde?

Walitafutiwa wa kuwatawala. Serikali ilitaka mtu wa kukusanya kodi.

Uhuru ulibadili nini?

Mengi, nami nayathamini. Serikali ya Nyerere, yeye mwenyewe mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, ilifuta mamlaka ya watemi mwaka 1963. Mwaka huohuo jirani yetu Uganda ilimfanya Mutesa II, Kabaka (mfalme) wa Buganda, kuwa Rais. Mwaka 1966 jeshi la Milton Obote, aliyekuwa Waziri Mkuu wake, likavamia ikulu yake Mengo, akakimbilia London. Sisi tulinusurika kwa kuwa hatukuwa na ufalme mmoja wenye nguvu kupita wote. Tulikuwa pia na Kiswahili, ambacho Wajerumani walikwishakitumia kuendesha serikali kupitia maakida, maofisa wao wa ngazi ya chini.

Basi ukoloni uliondoka?

Hapa ndipo ninapoumia. Tuliondoa kiti cha mtemi, tukabaki na kiti cha bwana shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kiingereza aliyesimamia kodi, akasikiliza kesi na kutoa amri. Mwaka 1962 nafasi yake ilipewa kada wa chama tawala, TANU. Cheo kikabadilika, mwenendo ukabaki: amri ishuke kutoka juu.

Una ushahidi gani wa leo?

Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Inamruhusu mkuu wa wilaya kuamuru mtu awekwe mahabusu hadi saa 48. Mkuu huyo huteuliwa na Rais. Mwanakijiji anayelazwa ndani hakumpigia kura, wala hana kura ya kumwondoa.