MGENI ALIYEWABADILI WENYEJI

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini mgeni ninayetaka kuwaeleza habari zake alipokaribishwa, wenyeji wengi hawakupona, na waliopona hawakubaki kama walivyokuwa. Mgeni huyo ni chura.

Katika jimbo la Queensland, nchi ya Australia, mashamba ya miwa yalikuwa yakiharibiwa na mbawakawa. Mabuu ya wadudu hao hukaa udongoni na kula mizizi ya miwa. Basi katika mwaka wa 1935 waliletwa vyura wakubwa wapatao mia moja kutoka visiwa vya Hawaii, wakazalishwa, na watoto wao wakaachiliwa mashambani ili wawale mbawakawa. Dawa hiyo haikufaa. Chura hawezi kupanda muwa kumfuata mbawakawa, wala hachimbi ardhi kuyafuata mabuu. Wadudu wakabaki, na vyura wakazidi, maana jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa mara moja.

Tena chura huyu ana sumu kali katika ngozi yake. Wanyama wa Australia hawakuizoea sumu hiyo. Nyoka, kenge na wanyama wengine walipomla walikufa.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Hapo kwanza vyura walikuwa wakienea kwa mwendo wa kilomita 10 hivi kwa mwaka. Miaka ilipopita mwendo ukazidi, hata ukapita kilomita 50 kwa mwaka. Katika mwaka wa 2006 wataalamu, akiwamo Ben Phillips na Richard Shine, walieleza kwamba vyura wa mstari wa mbele walikuwa na miguu mirefu zaidi kuliko wale waliobaki nyuma.

Imekuwaje? Fikirini mbio za nyika za shule yetu. Mwisho wa mbio, walio mbele wote ni wenye miguu mizuri. Ndivyo ilivyo kwa vyura: wenye mwendo hufika kwanza, huzaana wao kwa wao, na watoto wao hurithi mwendo huo. Kila kizazi mbio huanza tena. Angalieni sana: si kwamba chura mmoja alijirefusha miguu. Chura habadiliki, ni kizazi kinachobadilika. Jambo hili huitwa mageuko ya viumbe. Wengi wetu hudhani kwamba mageuko huhitaji mamilioni ya miaka, lakini haya yalionekana katika muda wa umri wa mtu mmoja.

Wenyeji nao walibadilika. Nyoka mwenye kichwa kikubwa aliweza kumeza chura mkubwa, akafa kwa sumu nyingi. Mwenye kichwa kidogo alishindwa kummeza, akaishi na kuzaa. Katika mwaka wa 2004 Phillips na Shine walionyesha kwamba katika aina mbili za nyoka, vichwa vilikuwa vimepungua ukubwa kwa kulinganisha na miili.

Yuko mnyama mwingine aitwaye kuoli, mdogo kuliko paka, mwenye madoadoa meupe, na jike hulea watoto katika mfuko wa tumboni. Kuoli wa kaskazini walikufa kwa wingi kila mahali vyura walipofika. Ili wasitoweke, katika mwaka wa 2003 kuoli 64 walihamishiwa visiwa viwili visivyo na vyura. Huko walistawi, wakafikia maelfu. Hapana shaka watu walifurahi. Lakini visiwani hamkuwa na dingo, mbwa wa porini wa Australia, wala paka. Baada ya vizazi 13 hivi, baadhi yao walifundishwa kutokula chura, wakarudishwa bara. Wengi wao waliuawa na dingo. Walikuwa wamepoteza hofu ambayo babu zao walikuwa nayo.

Hata hivyo, tumaini lipo. Katika Queensland walibaki kuoli wachache ambao hukataa kumla chura, hata wale waliozaliwa kizuizini wasiowahi kumwona. Wataalamu waliwazalisha pamoja na kuoli wasiomjua chura, na watoto wao pia wakamkataa. Hivyo tabia ya wachache yaweza kupelekwa kwa wengi kabla vyura hawajawafikia.

Basi habari hii yatufundisha nini? Kwanza, kiumbe mgeni aliyekwisha kuachiliwa ni vigumu kumrudisha, na miaka ikipita huweza kuwa mwepesi kuliko yule aliyeletwa. Pili, kuhifadhi mnyama si kumfungia mahali pa salama tu, kama mtu awekavyo fedha sandukuni. Fedha utaikuta vilevile. Mnyama hutamkuta vilevile. Anayetaka kuwahifadhi wanyama lazima ahifadhi pia akili yao ya kujilinda.

MASWALI
1. Kwa nini vyura hawakuwamaliza mbawakawa?
2. Eleza kwa nini vyura wa mbele wana miguu mirefu, bila kusema kwamba chura mmoja alibadilika.
3. Kama ungepewa kazi ya kuwatunza kuoli kisiwani, ungefanya nini ili wasisahau hofu ya dingo? Jadilianeni darasani.