Bunduki ya babu: cheti kabla ya mafuta

Mara nyingi huonekana baada ya matanga: bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, imeviringishwa gunia na kuwekwa juu ya kabati. Iwe Mutomo au Kibwezi, jambo la kwanza si kuisafisha. Cheti cha silaha ni cha aliyeandikiwa. Hakirithiwi pamoja na shamba. Mrithi anayekaa nayo bila cheti chake mwenyewe anaweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114.

Asiibebe kwenye matatu. Aiache ilipo, awaweke watoto mbali, awaite polisi au chifu, na aonyeshe risasi zote zilizobaki. Adai stakabadhi yenye nambari ya bunduki. Anayetaka kuimiliki ataomba cheti kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha.

Kuikagua ni kazi ya fundi mwenye leseni. Hutazama alama za majaribio chini ya mitutu. Za Uingereza ziligongwa London au Birmingham. Mitutu yenye michirizi kama ya mkeka ilisokotwa kwa vipande vya chuma na feleji, na mingi ilitengenezewa baruti nyeusi. Risasi ya leo yaweza kuipasua mkononi mwa mpigaji, hata ikiwa inang'aa.

Msasa, jamani, usiiguse! Hufuta alama hizo, na thamani huondoka nazo. Kitambaa laini chenye mafuta mepesi kinatosha.

Picha ya babu akiwa nayo na nakala ya cheti chake zihifadhiwe nyumbani. Ndizo zitakazoonyesha ilikuwa ya nani, na tangu lini.