Mapambo ya Kutisha

Ndugu yetu mmoja afanyaye biashara Gesima, katika Nyamira, ametuuliza: Je, yafaa kuuza mikufu na herini zilizofanywa kwa mkono, zenye sura za mafuvu, popo na buibui, kwa kuwa vijana wazipenda? Tumelisoma swali hili katika darsa, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza yatupasa kujua asili yake. Mapambo haya huuzwa sana Ulaya na Marekani wakati majani ya miti yapukutikapo, kwa ajili ya Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba, ambao ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote ya Wakristo. Desturi zake nyingi zilitoka Ireland na Uskochi, zikafika Marekani pamoja na wahamiaji. Ama weusi wake watokana na msiba. Alipofariki mume wa Malkia Victoria mwaka 1861, malkia alivaa nguo nyeusi mpaka kufa kwake mwaka 1901, na mafundi wa mji wa Whitby wakapata kazi nyingi ya kuchonga mapambo ya msiba kwa jiwe jeusi liitwalo jeti. Leo watu wa huko wachezea hofu kwa kuwa kwao imekwisha makali.

Je, Gesima ni hivyo? Wagusii walikuwa na pambo lao la heshima, ebitinge, pete za chuma alizovishwa mke miguuni katika arusi ya enyangi. Pambo hilo halikumtisha mtu, lilishuhudia ahadi. Lakini katika nchi hiyo hofu ya uchawi ingali hai. Mwezi wa Mei 2008 watu 11 walichomwa moto wakafa huko Kisii kwa kutuhumiwa uchawi. Oktoba 2021 wakauawa mabibi vizee wanne huko Marani. Hawakuwa na hatia iliyothibitishwa mbele ya kadhi wala hakimu, ilitosha dhana.

Wala sisi wa pwani tusiwanyoshee kidole. Kilifi pia wazee wameuawa kwa dhana hiyo, hata Kaya Godoma, katika Ganze, ikawa kimbilio lao. Na majumbani mwetu twawavisha watoto hirizi, tukaitia fedha ili ipendeze, kisha twasema ni pambo tu. Imam Ahmad amepokea kwa Uqba bin Amir kwamba watu kumi walimwendea Mtume (s.a.w.) wampe ahadi, akapokea ya tisa, akajizuia kwa mmoja kwa sababu ya hirizi aliyokuwa nayo, mpaka ilipokatwa. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya hirizi yenye Qur'ani peke yake. Ama nyinginezo, katazo lake ni wazi.

Basi jawabu letu kwa ndugu yetu ni hili: asiyauze. Si kwa kuwa rangi nyeusi ni haramu, bali kwa kuwa fuvu lililo mchezo mahali pengine, laweza kumtia mvaaji katika dhana mahali ambapo dhana huua. Auze vikuku na shanga za jiwe la Tabaka, kazi ya mikono ya majirani zake, apate riziki njema.

Nasi tuliobaki, kila mmoja na atazame leo shingo ya mwanawe, ajiulize: hili nililomvika ni pambo, au ni hofu yangu?