Somo la leo: Mtoto wa kwanza wa familia kwenda chuo, mzazi aanzie wapi?

Wengi wetu tunajua tarehe za karo ya nyumbani kuliko mambo ya mtoto tunayeishi naye. Shule zikikaribia kufunguliwa, pesa za watoto wa dada tumeshatuma. Lakini muulize mzazi wa Lawrence Heights, Toronto, mtoto wake wa darasa la 10 amechagua kozi gani. Atakwambia, "Hayo ni ya shule." Hapo ndipo tunapopoteza.

1. Muone mshauri wa masomo mapema. Usingoje darasa la 12. Hapa Ontario, kozi za darasa la 11 na 12 zina njia tofauti: chuo kikuu, koleji au kazi. Vyuo vikuu vingi vinadai Kiingereza cha ENG4U. Asiyekisoma anabaki nje hata akiwa na alama nzuri. Uliza hivi: "Kozi hizi zinamfungulia mlango gani, na zinamfungia upi?" Kiingereza kikikwama, omba mkalimani. Usimfanye mtoto awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe.

2. Tumia msaada wa mtaani. Pathways to Education ilianza Regent Park mwaka 2001, ikafika Lawrence Heights mwaka 2007. Inawasaidia wanafunzi wa sekondari kwa masomo ya ziada, ushauri na fedha, bila malipo.

3. Fungua akaunti ya RESP. Mtoto aliyezaliwa 2004 au baadaye, familia ikiwa ya kipato cha chini, anaweza kupata Canada Learning Bond: dola 500 kwanza, kisha 100 kila mwaka anaostahili hadi afike miaka 15. Jumla hadi dola 2,000, na wewe hujaweka hata senti. Ukiweka dola 50 kwa mwezi, ni 600 kwa mwaka. Serikali inaongeza angalau 120. Mtoto awe mkazi wa Kanada mwenye namba ya SIN, na wewe ujaze ritani ya kodi kila mwaka.

4. OSAP ni fomu nyingine. Kupata nafasi chuoni si kupata pesa. Kabla ya kukubali, jua ipi ni ruzuku na ipi ni mkopo wa kulipa.

Nyumbani tutaendelea kutuma, ndugu zangu. Ila kwa wiki hii, kazi yako ni moja: kabla hujatuma pesa, piga simu shuleni uombe miadi.