Bustani ya Maji kwa Tairi Kuukuu

Bwana mkulima na Bibi mkulima, siku mvua itakaponyesha simameni nyuma ya nyumba yenu mtazame. Maji yanaanguka kutoka kwenye mabati, yanachimba udongo wa uani, kisha yanakimbilia barabarani. Maji hayo ni mali yenu. Baada ya wiki chache jua litakapowaka, mtu wa nyumba hiyo hiyo atachukua mtungi na kwenda mbali kuyatafuta.

Katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, mashamba makubwa yalikatwa vipande ili watu wengi wapate ardhi. Lakini ardhi hugawanyika, birika la maji haligawanyiki. Ndiyo sababu wako wenye udongo mzuri ambao mpaka leo hawana maji karibu. Somo letu la mwezi huu ni kutengeneza bustani ndogo ya maji kwa vitu vilivyotupwa. Haitamaliza shida yote ya maji, lakini itakuza miche yako kabla ya mvua na kukupa nduma za kula.

Vitu vya kutafuta

Tafuta tairi kuukuu la nyuma la trekta, karatasi nzito ya nailoni isiyo na matundu, magunia yaliyochakaa, mabati mawili au matatu ya zamani, pipa la lita 200, na miti ya kujengea ua.

Kuhusu pipa nina neno la kukuonya, nami nalisema kwa kuwa lilinipata. Nilinunua pipa sokoni kwa bei nafuu. Muuzaji hakusema lilikuwa na kitu gani, nami sikuuliza. Nililiosha kwa sabuni mara tatu, nikakinga maji ya mvua, nikayamimina katika kidimbwi changu. Asubuhi vifaranga wote wa samaki walikuwa wanaelea, wamekufa. Nilipolikagua pipa vizuri nikaona alama iliyofutika nusu: lilikuwa la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Jioni ile ile mtoto wangu wa pili alikuwa amekwisha shika kikombe ili anywe maji ya pipa, na mama yake ndiye aliyemzuia, akisema maji yale hayajachemshwa. Mimi, karani wa kilimo, nisingemzuia. Tangu siku hiyo nauliza kwanza, ndipo natoa fedha.

Basi shika sheria hii: pipa lililokuwa na dawa ya ng'ombe, dawa ya kunyunyizia mimea au oili ya mashine halifai kwa maji, hata ukiliosha mara mia. Lililokuwa na mafuta ya kupikia au molasi linafaa likioshwa vizuri. Usiyempata wa kukuambia lilikuwa la nini, mwachie pipa lake. Nawe chombo chako cha dawa kikiisha, kioshe mara tatu, mimina maji ya kuoshea ndani ya bomba la kunyunyizia uyatumie shambani pamoja na dawa, kisha kitoboe ili mwingine asikitumie.

Kazi yenyewe

Kwanza, chagua mahali. Pawe chini kidogo ya nyumba ili maji yateremke yenyewe, pawe mbali na choo na boma la ng'ombe, na paonekane kutoka mlango wa jikoni.

Pili, kata ukuta wa juu wa tairi kwa kisu kikali, ukipitia karibu na sehemu yenye meno. Usikate pale penye ukingo wa ndani, kwa sababu pana waya ngumu. Ukimwagia kisu maji ya sabuni, mpira hukatika kwa urahisi.

Tatu, chimba shimo la kutosha tairi, lakini ukingo wake ubaki juu ya ardhi kiasi cha upana wa kiganja, ili maji machafu ya uani yasiingie. Sawazisha chini na uondoe mawe. Tandika magunia, kisha nailoni juu yake, na nailoni ipande mpaka ipite ukingo. Izuie kwa mawe laini au matofali yaliyovunjika.

Nne, kunja mabati ya zamani yawe mifereji, yafunge chini ya paa yakiinama kidogo kuelekea kwenye pipa. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaache yapite, maana yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Pipa likijaa, maji yaingie katika tairi. Na tairi likijaa, yatokee kwa mfereji mdogo mpaka kwenye shimo la nduma. Hivyo hakuna tone linalopotea.

Hesabu ya maji

Tulijifunza shuleni kwamba eneo la duara ni nusu ya upana, mara nusu ya upana, mara 22 kwa 7. Kama tairi lako lina upana wa mita 1.4 kwa ndani na kina cha sentimita 40, basi 0.7 mara 0.7 mara 22 kwa 7 ni mita za mraba 1.54. Zidisha kwa 0.4 upate 0.616. Hizo ni lita 616, yaani madebe 30 na zaidi, debe moja likiwa lita 20.

Je, paa lako litalijaza? Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 6 kwa 5 lina mita za mraba 30. Mvua ya milimita 20 italeta lita 600. Tukitoa sehemu moja katika tano inayopotea, zinabaki 480. Mvua mbili za namna hiyo zinajaza tairi na pipa pia.

Kitalu cha sukumawiki cha mita 2 kwa 1 kinatosheka na nusu debe kwa siku. Kwa siku 30 ni lita 300. Zinazobaki ni za jua, samaki na nduma. Panda mbegu wiki nne kabla ya mvua unayoitazamia, na miche itakuwa tayari wakati jirani yako ndiyo kwanza anatafuta mbegu.

Mbu, watoto na magugu

Maji yaliyosimama huzaa mbu, nao huleta malaria. Katika sehemu za joto tia vifaranga watano wa perege. Watakula viluwiluwi vya mbu. Katika sehemu za baridi kama Kinangop perege hawastawi, basi funika kwa chandarua kikuukuu kisichofaa tena kitandani. Pipa nalo lifunikwe daima.

Kina cha sentimita 40 kinatosha kumzamisha mtoto mdogo. Kwa hiyo jenga ua na mlango wake kabla ya kujaza maji, si baada yake.

Usilete gugumaji kwa kupenda maua yake. Wakazi wa Kisumu wanakumbuka jinsi lilivyoenea katika Ziwa Victoria miaka ya 1990 hata vyombo vikashindwa kufika gatini. Panda nduma, hukomaa kati ya miezi 6 na 12.

Maji haya si ya kunywa bila kuchemshwa.

Maswali ya kujijaribu

1. Pima paa lako. Mvua ya milimita 10 italeta lita ngapi, ukiondoa sehemu moja katika tano?
2. Kwa nini ukingo wa tairi uwe juu ya ardhi?
3. Pipa ulilo nalo nyumbani lilikuwa na nini zamani? Kama hujui, usilale kabla ya kuuliza.

Haba na haba hujaza kibaba. Anza sasa kutafuta tairi, maana mvua haimngojei mtu.